Ndiva ya Barua Ndogo

Haya nilielezwa na Naetwe, binti wa marehemu dada yangu, mwaka ule mashine iliporudishwa wilayani. Tulikuwa tumekaa uani tunaosha tangawizi, yeye na beseni lake na mimi na langu. Alisimulia tangu saa tatu asubuhi mpaka jua likafika utosini, na usoni hakuniangalia hata mara moja. Sikumkatiza. Mtu akianza kutoa jambo lililomkaa rohoni, mwachie njia.

Anasema siku yenyewe ilianza kwa utani. Makundi, dereva wa gari la wilaya, Mchagga wa Kibosho, alisimamisha gari mbele ya zahanati yetu ya Ngurundi na kuanza kupiga kelele kabla hajashuka.

"Hodi Upareni! Nimeleta bahasha. Msinishitaki, sijaifungua!"

"Mchagga kaleta kitu na hakiuzi?" Naetwe akamjibu dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wa maabara pale. "Weka mezani halafu rudi nyuma hatua tatu, nihesabu vidole vyangu kwanza."

Makundi akacheka. "Lakini shemeji, nimesikia maajabu huko njiani. Eti ninyi hata mbegu za waume zenu mnazitia pamoja na kugawana kwa zamu, kama maji ya shamba?"

Hapo Naetwe hakucheka. Makundi akachungulia ndani, akamwona mtoto wa miaka mitano amelala kwenye benchi, na mkono wa Naetwe uko juu ya kifua cha mtoto. Mkono huo haukutoka pale muda wote wa mazungumzo. Hata bahasha aliipokea kwa mkono wa kushoto, na kwetu hilo si jambo dogo.

"Bado?" Makundi akauliza, sauti imeshuka.

"Bado. Nikiondoa mkono, anaacha."

"Anaacha nini?"

"Kupumua, Makundi. Anaacha kupumua."

*

Nirudi nyuma kidogo, maana asiyejua ndiva hatajua tulikosea wapi.

Milimani kwetu maji ni machache. Vijito saba vinateremka kila kimoja na upande wake, na hakuna hata kimoja kinachotosha kumwagilia shamba la mtu. Wazee wa zamani wakachimba bwawa moja, ndilo ndiva. Usiku kucha vijito vyote vinaingia humo. Alfajiri mgawa maji anavuta kizibo, na maji yanakwenda kwa mwenye zamu. Huwezi kusema haya ni ya kijito cha kwetu. Yakishaingia ndivani hayana jina.

Sasa, miaka ya nyuma tangawizi ilishikwa na ugonjwa wa kuoza. Zikaja ndege ndogo zisizo na rubani, zikatunyunyizia dawa msimu baada ya msimu, miaka tisa. Tangawizi ikapona. Wanaume wetu nao walikuwa wazima, wanabeba magunia, wanaoa, wanacheka. Ila matumbo ya wake zao yalibaki matupu. Darasa la kwanza likafika kuwa na watoto wawili, na mwalimu bado anaita majina kila asubuhi kana kwamba haoni madawati matupu.

Madaktari wakaja na mashine. Naetwe alifundishwa wilayani miezi minne, naye alinieleza hivi. Mbegu ya mwanamume ikitoka kule inakotengenezwa haijui kitu bado. Inapita kwenye mrija mrefu mwembamba uliojikunja, na humo njiani inabebeshwa barua ndogo, ndogo mno, zimefungwa ndani ya vipovu vya mafuta. Wasomi wanaziita RNA ndogo. Kazi yake ni kuamrisha: hiki kiamke, hiki kinyamaze. Mbegu isiyo na barua inafika kwenye yai, inaingia, halafu haijui la kufanya. Siku tatu, nne, yai linakata tamaa. Ile dawa ya tangawizi ilikuwa imekausha barua za wanaume wetu wote.

Wote isipokuwa saba. Sita kati ya hao miaka ya dawa hawakuwapo, walikuwa wakifanya kazi mbali, na wa saba alishinda juu ndivani, ambako ndege hazikunyunyiza. Mashine iliweza kuchukua barua za mmoja wao na kuzibebesha mbegu za mwingine. Mtoto anabaki wa baba yake, damu na sura. Anachoazima ni barua tu. Sheria ya wilaya ilikuwa mtoaji mmoja kwa mpokeaji mmoja, na majina yaandikwe.

Wanaume wakagoma. "Nikutane na fulani njiani," wakasema, "aniangalie akijua mwanangu ameamshwa kwa barua zake? Bora nife tasa."

Ndipo mzee Kiondo, mgawa maji, mmoja wa wale saba, akasimama mkutanoni. "Ndiva inapokea vijito saba," akasema. "Nikivuta kizibo asubuhi, nani huniuliza haya ni ya kijito gani?"

Watu wakapiga makofi. Wakachota maji ya ndiva kwa kibuyu, kila mtu akanywa, Naetwe naye akanywa, wakaapa kwamba barua za Ngurundi hazitakuwa na jina. Na Naetwe akamimina chupa saba kwenye chupa moja. Alijua wilaya imekataza. Lakini alikuwa na miaka minne ya ndoa na hana mtoto.

Wakazaliwa watoto, wa kwanza mwaka uleule, wengine wakafuatia. Nakijwa wake akiwa miongoni mwao.

Halafu Elisaria, mtoto wa jirani yao, akiwa na miaka minne, akajificha kwenye kasha la nguo wakicheza kibemasa. Kasha halikuwa na kufuli. Kifuniko kilikuwa na ufa unaopitisha vidole. Walimkuta amekufa, na aliyemchunguza akasema hewa ilikuwamo tele, mtoto hakuivuta tu. Baada ya hapo wakaanza wengine, mmoja mmoja. Mtoto akiingia gizani mahali palipofungwa anabana pumzi mpaka anazimia. Kisha ikafika mahali hata kufumba macho tu kukawa giza la kutosha. Wazazi wakaanza kukaa zamu, mkono kifuani kwa mtoto kila afumbapo macho, usiku na mchana. Naetwe na mumewe Mbazi walikuwa kwenye juma la tano.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ile bahasha.

*

Barua ya daktari wa wilaya ilikuwa fupi. Kwenye mchanganyiko wa Ngurundi wameona barua ndogo moja ambayo huonekana kwa watu waliowahi kufukiwa wakiwa hai. Dawa yake ni kuandika barua ya kinyume, inayoigandamia ile ya kwanza na kuinyamazisha. Mashine ya Ngurundi inaweza kuiandika, lakini lazima iione ile yenyewe ikiwa mbichi, kwa kuwa zilizogandishwa kwenye chupa zimekwisha katikakatika. Ikiwa mbichi hupatikana kwenye damu ya mwenyewe peke yake, tena saa ile anapoogopa kile kile alichokiogopa mwanzo. Mtoaji atajwe jina, na yeye na baba wa kila mtoto watie sahihi.

Naetwe akaisoma mara mbili. Akawapanga wale saba kichwani. Mmoja alikuwa mlinzi Tanga. Wawili walikata mkonge. Nani alifukiwa? Hakuna aliyewahi kusikia.

Kisha akakumbuka nyumba ya mzee Kiondo. Ilikuwa na pazia tu pale pa kuingilia. Tangu azaliwe Naetwe alisikia watu wakimtania mzee: "Kiondo bahili, hata mlango kaunyima mbao!" Naye hucheka na kusema, "Mwizi akija atanisalimia kwanza."

Alfajiri Naetwe akambeba Nakijwa mgongoni, mtoto yuko macho, akapanda ndivani. Mzee alikuwa amekaa juu ya ukuta akisubiri mwanga wa kuvuta kizibo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Zamu yenu Alhamisi, leo umefuata nini?"

"Nimefuata jina."

Kiondo akatazama maji. "Ulikunywa kibuyu pamoja nasi, Naetwe."

"Nilikunywa."

"Basi teremka nyumbani."

"Babu, nina mabaki ya chupa zenu saba kwenye jokofu. Naweza kuzipima moja moja. Sikuzipima kwa sababu nilikunywa. Nimekuja kukuuliza kwa mdomo. Wewe ulifukiwa wapi?"

Wakati wanaongea, Nakijwa alikuwa ameteremka mgongoni, akainama kuchungulia kwenye mfereji wa mawe unaotoa maji chini ya ukuta. Akaingiza kichwa, halafu mabega. Naetwe alipogeuka, miguu ya mtoto ilikuwa imetulia kama ya mdoli. Akamvuta. Macho wazi, mdomo umefungwa, mashavu yametuna. Akampiga mgongoni, akampulizia usoni. Mtoto hakuvuta.

Kiondo akashuka ukutani kama kijana. Akapiga magoti, akaweka mdomo sikioni kwa mtoto na kusema kitu, maneno mawili tu. Nakijwa akavuta pumzi kwa kishindo na kuanza kulia.

"Umemwambia nini?"

Mzee akampangusa mtoto machozi. "Nimemwambia, *zamu yako*." Akakaa chini kwenye matope. "Huyu hakosi pumzi, Naetwe. Anaiweka. Anamwekea mwenzake."

Ndipo akasema. Ujana wake alichimba jasi kule tambarare. Siku moja shimo likawaangukia, yeye na kijana mmoja aitwaye Heriel. Walibaki kwenye uwazi mdogo kama meza, giza tupu. Walipoona hewa inapungua wakakubaliana kuigawana kwa zamu, kama watu waliolelewa kwenye maji ya ndiva. Kiondo anabana akihesabu mpaka sitini, Heriel anavuta. Kisha Heriel anabana.

"Siku ya tatu," mzee akasema, "zamu yangu ya kubana ilifika. Akaniambia, Kiondo, zamu yangu. Sikubana. Nikavuta. Akaniambia tena. Nikavuta tena. Yeye zamu zake za kubana alizitimiza zote mpaka alipokata roho. Nimegawa maji miaka arobaini na sijamwibia mtu hata tone, na watu husema Kiondo ni mwaminifu." Akamtazama Nakijwa. "Sikujua kwamba deni lile linaweza kuingia kwenye chupa. Hawa watoto wanabana zamu niliyoiruka mimi."

Naetwe akamsomea barua ya daktari, pamoja na lile la kuogopa upya.

Ndege wakaanza kulia mitini. Mzee akainuka, akavuta kizibo, maana mwenye zamu alikuwa anasubiri huko chini, na maji yakaanza kwenda.

"Ghala la tangawizi la ushirika," akasema, "lile lililochimbwa mlimani. Lina mlango wa chuma."

*

Mzee Kiondo alijitaja mwenyewe, mbele ya wazazi wote, uwanjani pa zahanati. Wanaume waliokuwa wamekataa kujua sasa walijua, na kila mmoja alitazama viatu vyake. Walitia sahihi. Mmoja alikataa, akasema afadhali kukaa zamu mpaka mwisho kuliko jina la mtu mwingine kwenye karatasi ya mwanawe. Mtoto huyo ndiye tuliyemzika wakati wa mvua za vuli.

Kesho yake mchana wakaenda ghalani. Walikuwa watatu tu, kwa kuwa mzee hakutaka watu: yeye, Naetwe na mashine, na Mama Elisaria. Huyu alikuja bila kuitwa. Mtoto wake alikuwa mchangani miezi saba, na bado tunamwita Mama Elisaria. Tumwite nani tena?

"Komeo nitashika mimi," akasema.

"Mama Elisaria, hii ni tiba," Naetwe akamwambia. "Si adhabu."

"Wewe una mtoto wa kutibu. Mimi nina komeo."

"Mwache," akasema Kiondo. "Ana haki." Akavua koti, akanyoosha mkono. Naetwe akamwekea sindano na mpira mwembamba unaopita chini ya mlango mpaka kwenye mashine nje. "Msifungue mpaka taa iwe kijani. Hata nikimwita mama yangu. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, babu."

Akaingia. Mama Elisaria akasukuma komeo, na chuma kikalia.

Taa ya mashine ilikuwa ya njano. Mwanzoni walimsikia anahesabu kwa sauti, taratibu, moja mpaka sitini, anarudia. Mama Elisaria alikuwa amesimama wima na mgongo mlangoni, komeo kiganjani, uso kama jiwe. Kuhesabu kukawa kwa haraka. Kukakatika. Kisha kukawa na mikwaruzo, kucha juu ya chuma, chini kabisa ya mlango.

"Fungueni," mzee akasema. Kwa adabu, kama anayeomba chumvi. "Jamani. Inatosha. Fungueni."

Njano.

Halafu akaanza kupiga mlango, akapiga mpaka vumbi likamwagika kwenye fremu, akilia kilio ambacho Naetwe hakutaka kunieleza, na mimi sikumuuliza. Alimwita mama yake. Alimwita Heriel. "Vuta, Heriel! Nimebana! Nimebana, vuta!" Alirudia hivyo, sauti inazidi kuwa ya kijana.

Naetwe akamwona Mama Elisaria anageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

"Mwanangu naye aligonga hivi?" akauliza. "Kwenye kasha? Aligonga, nami niko jikoni?"

"Sijui, mama."

"Inatosha. Nafungua."

"Bado njano."

"Naetwe, ni mzee wa watu! Atakufa humo!"

"Bado njano!"

Mama Elisaria akavuta komeo. Na hapa Naetwe aliacha kuosha, mikono ikabaki ndani ya maji ya beseni. Akaniambia, "Mama mdogo, nilimsukuma. Nilimsukuma akaanguka kwenye mawe, nikarudisha komeo, nikalilalia kwa kifua. Yeye aliyekuja kulipiza alitaka kufungua. Mimi niliyesema ni tiba nilifunga. Nilikuwa namsikia babu kupitia kwenye chuma, hapa, kwenye mbavu. Na unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza, aogope zaidi, taa igeuke."

Kelele zikaisha ghafla. Taa ilikuwa bado ya njano. Naetwe akahesabu. Alifika hamsini na nne, taa ikawa kijani.

Akafungua. Mzee Kiondo alikuwa amelala nyuma ya mlango, macho wazi, mdomo umefungwa, mashavu yametuna. Naetwe akampigia magoti, akamwambia sikioni yale maneno mawili. Akavuta pumzi. Lakini upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeteremka, na mkono wa kushoto haukuinuka tena. Wala hakusema tena neno ambalo mtu aliweza kulielewa. Kizibo cha ndiva sasa anavuta mwingine, naye ana upendeleo.

Mama Elisaria alikuwa amekaa pale pale alipoangukia, kiwiko kinatoka damu.

"Uwaambie watu," akamwambia Naetwe. "Mimi nilitaka kufungua. Uwaambie."

Kisha akajikokota kwenda kwake. Sindano ya barua ya kinyume haikuwa na kazi nyumbani kwake.

*

Nakijwa alichomwa wa kwanza, jioni ile ile. Daktari alisema wasubiri mpaka kesho yake adhuhuri barua ya kinyume iwe imeenea mwilini. Ulipofika wakati, Naetwe akamlaza chumbani, akafunga dirisha, akamfunika shuka mpaka kichwani. Mbazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake juu ya kifua cha mtoto, mkono ambao ulikuwa umezoea hapo kama kitasa kwenye mlango.

"Ondoa," Naetwe akasema.

"Ondoa wewe."

Akamshika kifundo, akauinua mkono wa mumewe polepole. Shuka likakaa kimya. Kisha likapanda. Likashuka. Likapanda tena. Walilitazama kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa. Baada ya muda mtoto akakoroma, kakoromo kadogo ka mafua, na Mbazi akateleza chini mpaka sakafuni na kulala na viatu vyake.

Naetwe akatoka, akafunga mlango wa chumba taratibu ili asiwaamshe. Kitasa kilipolia, mwili wake wote ukaganda. Akakisikia kile kilio mbavuni. Akafungua upesi. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka, kama lilivyokuwa. Akafunga tena. Akashindwa, akafungua.

Akaenda kuleta nyundo na patasi. Akazing'oa bawaba za mlango ule, moja baada ya nyingine, taratibu, mchana kweupe, na hakuna aliyeamka. Kisha akang'oa na za mlango wa nje. Milango yote miwili akailaza uani. Tangu siku hiyo nyumba yake ina mapazia tu, na watu wa Ngurundi hawajamtania.

Akajinyoosha kwenye kizingiti cha chumba, kichwa upande wa mtoto, na jua la uani likimfika miguuni. Anasema alikuwa akihesabu pumzi za Nakijwa. Ishirini anakumbuka. Thelathini anakumbuka. Kabla ya sitini, usingizi ukamchukua.